Anwani ya Ndani

Asubuhi onyo lilikuwa moja tu, na fundi mtandao wa maabara ya vipimo, ambaye wote walimwita Njiti kwa wembamba wake, alilipuuza. Kufika saa ya chai maonyo yalikuwa yameshajaa kioo kizima cha kompyuta yake: pakiti ya data imezuiwa, pakiti ya data imezuiwa.

Ukuta wa mtandao ulikuwa ukifanya kazi yake, kumzuia mgeni kutoka nje. Kilichomkosesha Njiti raha ni pale mgeni alipotaka kwenda. Kompyuta zote za maabara hutoka nje kwa anwani moja. Anwani zao za ndani ukuta huzificha, wala huko nje hakuna azijuaye. Huyu aliijua moja. Ya mapokezi, anapokaa mdogo wake wa kike, ambaye Njiti ndiye aliyempigania mpaka akapata hiyo kazi.

"Nani kamwambia?" alinong'ona. Kabati la mitambo ya mtandao, kando yake, lilinuka udi.

Bosi akachungulia mlangoni. "Njiti, hayo maonyo yananitia wazimu. Utayaondoa, au nitafute mtu mwingine?"

Basi Njiti, kwa uvivu wa fundi aliyechoka kusemwa, hakutafuta chanzo. Akaandika ruhusa, na kwa mzaha akasema, "Haya, umebisha hodi mpaka basi. Karibu, pita ndani." Akabonyeza.

Maonyo yakakoma. Feni za kabati nazo zikanyamaza, na katika ukimya ule akamsikia mdogo wake kule mapokezi akiitikia "Abee?" kama aliyeitwa na mkubwa wake, kisha kiti kikaburutwa, kisha kimya, na Njiti akaifuta ile ruhusa, akahakikisha imefutika, akatoka mbio ukumbini akimwita mdogo wake, asijue anamwomba nani amwachie.

Alimkuta ameketi, mzima, anatabasamu. Akamkumbatia, machozi yakimtoka kwa shukrani. Mwili wake ulikuwa wa baridi, na nywele zilinuka udi.

Hapo maonyo yakaanza upya, simu ikitetemeka mfukoni bila kupumzika, na kutoka kule kwenye kabati, ndani ya kebo inayoleta mtandao kutoka nje, ikasikika sauti ya mdogo wake, ya mbali, ikilia: "Hodi! Kaka, nifungulie! Ni mimi, kaka!"

Yule aliyekumbatiwa akamkaza zaidi.

"Usimkaribishe," akamnong'oneza.