Majibu ya Chiriku

Kila asubuhi fundi mwashi aliitia simu yake ndani ya kijaluba cha plastiki, akakisukuma katika mfuko wa shati, kisha akafunga kifungo. Alikuwa anaogopa vumbi la saruji. Likiingia kwenye tundu la chaji, simu kwaheri. Mwiko, timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta, na pimamaji vilikwenda ndani ya gunia, begani. Simu ilikaa kifuani.

Mke wake alikuwa dobi. Alipiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele, juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Kuta za chumba hazikuwa na plasta, na jambo hilo lilimchoma fundi moyoni, kwa maana alikwisha kupiga plasta nyumba nyingi za mtaa ule.

"Yako lini, fundi?" majirani walimtania.

"Yangu inajua kusubiri. Zenu hazijui."

Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupata likizo. Alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Alitaka kwenda sekondari, na baada ya hapo awe mpimaji wa viwanja, avae kofia ngumu na kuwaonyesha mafundi mahali pa kuchimba msingi.

"Hata mimi utaniamuru?" baba yake alimuuliza.

"Nitakuamuru kwa adabu, Baba."

Mwaka huo mvua zilizidi. Ukuta wa shule ukapasuka kutoka chini hadi juu, na wakaguzi wakafunga majengo yote. Hakuna aliyejua yatafunguliwa lini. Mtihani wa mwisho, hata hivyo, haukuahirishwa.

Walimu hawakukaa bure. Walikutana, wakaumiza vichwa, wakabuni mpango. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeuongoza, mama mmoja mwembamba aliyependa kazi yake. Aliwaita wazazi uwanjani akawaeleza.

"Kila siku asubuhi somo litaingia kwenye simu yako," alisema. "Mtoto atasikiliza sauti yangu. Baada ya hapo yatakuja maswali. Atajibu kwa kubonyeza, kabla jua halijazama na somo kufungwa, ili azoee kufanya kazi kwa wakati. Mashine itasahihisha. Anayefanya vizuri, jina lake litakuwa la kijani. Anayeshindwa, jina litakuwa jekundu, na huyo tutamfuata nyumbani tumsaidie."

Ulikuwa mpango mzuri. Nasema hivyo kwa sababu wapo watu ambao hucheka kila jipya. Wazazi walipiga makofi, wakapanga mstari kuandikisha namba za simu. Fundi aliandikisha yake. Nyumba nzima ilikuwa na simu moja tu, na wakati huo ilikuwa kifuani mwake. Hakuna mwalimu aliyeuliza inashinda wapi.

Somo la kwanza liliingia fundi akiwa juu ya jukwaa la mbao, anapanga matofali ya ghorofa ya pili. Simu ililia, akaipuuza. Wakati wa mapumziko ya mchana alikaa kwenye rundo la mchanga, akaifungua, akasikia sauti ya mwalimu ikieleza habari za sehemu, nusu na robo. Akakumbuka maneno ya uwanjani. Kabla jua halijazama. Yeye hufika nyumbani giza likiwa limeingia.

Akaiona picha yote kichwani. Jina la binti yake jekundu. Mwalimu anabisha hodi. Mwalimu anakaa kwenye chumba kisicho na plasta, nyumbani kwa fundi wa plasta.

"Unasoma nini hapo, mzee?" aliuliza saidia fundi, kijana mcheshi aliyekuwa akichanganya zege.

"Maswali ya mtoto. Robo tatu ya tangi ni lita tisini. Tangi zima ni lita ngapi?"

"Robo tatu ya mfuko wa saruji naijua kwa mgongo. Ya tangi sijui."

Fundi hakuwa mjinga. Zamani alikuwa akiongoza darasani, na umaskini ndio uliomtoa shule. Alichukua kipande cha tofali, akakokotoa juu ya ubao, akabonyeza. Simu ikatoa mlio wa furaha, na maneno yakatokea: Hongera, umepata.

Huo mlio ulimwingia. Hakuna mtu aliyempa hongera kwa hesabu tangu alipokuwa mtoto. Akajibu la pili, na la tatu.

Jioni Chiriku alikuwa mlangoni. "Baba, simu. Somo limekuja?"

"Limekuja, mama, na chaji imekwisha. Usihofu, nimekujibia. Umepata yote."

"Nimepata mimi?"

"Wewe. Si jina lako lililoandikwa?"

Mama aliweka pasi juu ya kigae. "Unamjibia? Na chumba cha mtihani mtaingia wote wawili?"

"Nitamfundisha Jumapili," alisema fundi. "Nilitaka tu asionekane mvivu."

Jumapili alimfundisha kweli. Lakini alifundisha kama mtu anayejua tayari, mbio mbio, akiruka hatua. Chiriku alipouliza mara ya pili, baba alisema, "Hili ni rahisi mno, mama," na akaonyesha jibu. Kabla ya chakula alikuwa amelala kwenye kiti, uchovu wa wiki nzima umemwangukia.

Mambo yakaendelea vivyo hivyo. Kule kazini darasa likakua. Mafundi waliacha bao, wakamzunguka fundi wakati wa mapumziko.

"Profesa, leo wametuletea nini?"

"Eneo la pembetatu."

"Hilo niachie mimi. Nimeezeka mapaa mangapi?"

Walibishana, wakapima kwa futikamba, wakachekana. Nadhani hakuna darasa lililosoma kwa bidii kama lile la kwenye mchanga. Jina la Chiriku likawa kijani kila siku. Siku moja ukaja ujumbe kutoka shuleni ukimsifu Chiriku kuwa mmoja wa wanafunzi bora. Fundi aliusoma kwa sauti barabarani, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Chiriku aliusikia akiwa ndani, anakunja nguo za wateja. Wakati huo alikuwa amekwisha kuacha kusubiri mlangoni. Mchana alimsaidia mama yake kupuliza mkaa. Alikuwa pia ameanza kunyamaza. Mama yake aliona, akamwambia mumewe, "Huyu mtoto anakauka."

"Anakua," alijibu fundi.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa kukodi. Chiriku alirudi, akavua viatu, akakaa sakafuni.

"Ulikuwaje?" aliuliza baba.

"Ulikuwa mrefu."

Matokeo yalipobandikwa, fundi alisoma orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Akasoma tena kutoka chini kwenda juu. Jina la binti yake halikuwamo. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa hesabu, nguo zake zikiwa bado na chokaa.

"Mmemwonea mwanangu," alisema. "Mliandika wenyewe kwamba ni bora."

Mwalimu alifungua kompyuta yake. Mstari wa Chiriku ulikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. "Hata mimi sielewi, mzee wangu. Nilikuwa nawaambia wenzangu, huyu hatuna haja ya kwenda kwake. Twende nyumbani nikaongee naye."

Fundi alitaka kukataa. Lakini angesema nini?

Kwa hiyo mwalimu alibisha hodi katika nyumba ile, baada ya kila kitu kwisha. Alikaribishwa kiti karibu na meza ya pasi. Kuta hakuziangalia hata kidogo.

"Chiriku, mwanangu," alisema, "masomo yangu yalikuwa magumu?"

Msichana aliangalia miguu yake. "Sijui, Mwalimu. Sijasikia sauti yako tangu shule ifungwe. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mwalimu alimgeukia baba. Fundi alikuwa akikwangua chokaa kwenye ukucha.

"Majibu yote yale?" mwalimu aliuliza taratibu.

"Simu nakwenda nayo kazini," alisema fundi. "Bila simu sipati kazi. Na somo linafungwa jua likizama. Ningefanyaje? Nilitaka mtoto aonekane."

"Ameonekana," alisema mama, bila kuacha kupiga pasi. "Aliyeonekana ni wewe. Wewe ndiye uliyepewa hongera, wewe ndiye Profesa. Mwanangu alikuwa hapa na mimi, anapuliza mkaa."

"Usinidhalilishe mbele ya mgeni, mama watoto."

"Sikudhalilishi, ndivyo ilivyokuwa. Na wewe, Mwalimu, usinichukie. Mlipokuja na mashine yenu, nani aliniuliza simu ya nyumba hii inashinda wapi? Mlichukua namba, mkaondoka. Angekuwa mwekundu, mngekuja. Amekuwa kijani, mkamwacha. Nyie mmemwacha, na huyu amemjibia. Mtoto amebaki katikati."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda. Mama akainua pasi haraka. Ulikuwa mkono wa shati la mteja.

Mwalimu hakujitetea. Alianza kusema polepole, kama mtu anayejifundisha mwenyewe.

"Mashine haimjui mtoto. Inamjua aliyebonyeza. Sisi tulihesabu majibu tukadhani tumehesabu watoto. Na tuliweka wakati wa kufunga unaotufaa sisi. Tena ile rangi nyekundu, tulidhani ni mlango wa msaada. Kumbe wazazi waliiona aibu."

"Niliiona aibu," alisema fundi.

"Mzee wangu, kosa la mtoto ni kitu cha thamani kwa mwalimu. Likinifikia, najua pa kuanzia. Mtu akilifuta kabla sijaliona, mimi ni kipofu. Wewe ukuta ukipinda, unasogeza timazi ili ionekane umenyooka?"

Fundi alirudia kukwangua ukucha, kwa maana jibu alilijua.

"Sasa mwanangu atarudishiwa mtihani?" aliuliza.

"Hapana," alisema mwalimu. "Hilo siwezi kukudanganya. Nafasi zimekwisha kugawanywa."

Chiriku alisimama, akachukua beseni, akatoka nje kuchota maji. Beseni jingine ndani lilikuwa bado limejaa maji.

Walimu walirudi kwenye mpango wao, kwani jengo lilikuwa bado halijapona na darasa jingine lilikuwa linaingia mwaka wa mwisho. Safari hii hawakuanza na mashine. Walianza kwa kutembea. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakauliza: simu ni ya nani, inarudi saa ngapi, inachajiwa wapi, nani anakaa karibu na mtoto. Waligundua kwamba nyumba ya fundi haikuwa peke yake. Kuna kaka aliyekuwa akijibu kwa niaba ya mdogo wake ili aendelee kuchezea simu. Kuna bibi ambaye hakujua kama yale maswali yalikuwa ya mjukuu.

Wakabadilisha. Masomo yakaanza kuingia jioni, na kukaa wazi hadi siku ya pili. Rangi zikaondolewa. Kubonyeza peke yake kukakataliwa: mtoto alitakiwa aseme kwa sauti yake mwenyewe amefikaje kwenye jibu, na mwalimu asikilize. Walimu wakawa wanatembelea kila mtoto kwa zamu, anayejua na asiyejua, ili ziara isiwe aibu ya mtu. Kwa wasio na simu kabisa, masomo yaliwekwa kwenye kadi ndogo, yakapigwa kwa spika katika kibaraza cha fundi cherehani, na mwalimu mmoja akakaa hapo na chaki.

Wazazi nao walipewa kazi. Hakikisha simu inarudi na chaji. Mkabidhi mtoto. Kaa karibu, uzime redio. Usijibu. Hata ukijua, usijibu. Muulize tu, "Umejuaje?"

Mdogo wake Chiriku alikuwa katika darasa hilo. Fundi alianza kuchaji simu kazini, kwa mlinzi wa geti, na akifika nyumbani alifungua kifungo cha shati na kumpa binti simu kabla hajavua viatu. Wiki za mwanzo mdogo mtu alikosea sana. Mwalimu alisikia sauti yake kwenye simu, akatambua kwamba hakujua maana ya robo, akaja na chungwa na kisu. Wakakaa chini wakagawa. Mwaka huo, jina lake lilikuwa katika orodha ya sekondari. Wengi wa darasa lake walikuwemo.

Kule kazini mafundi walipomwita Profesa, fundi aliwaomba waache. Waliacha.

Na Chiriku? Aliandikishwa darasa la jioni, lile la waliokosa nafasi, pamoja na watu wazima. Mchana anapiga pasi, jioni anasoma. Atafanya mtihani upya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ipo, na si aibu, ila ni ndefu, na aliyeipita anajua jinsi inavyochosha.

Jioni moja alikuwa na daftari kwenye meza ya pasi. Baba yake alitoka kazini, akamkabidhi mdogo mtu simu, akasimama nyuma ya mkubwa. Aliliona swali. Lilikuwa la tangi, na robo tatu ya maji. Aliona pia kwamba kalamu inakwenda kusiko. Mkono wake ukanyooka wenyewe.

"Hapo, mama, chukua kwanza..."

Chiriku alifunika ukurasa kwa kiganja.

"Acha, Baba," alisema, kwa adabu. "Hili nitakosea mwenyewe."