Kinyozi Aliyenyoa Joho

Jamani majirani, sogeeni, maana lililompata kinyozi wetu laweza kukupata hata wewe unayecheka.

Nyumba yake ilikuwa tulivu. Yeye hunyoa watu kibandani mbele, mkewe hukanyaga cherehani ukumbini, na utani wao hupishana dirishani. Watoto walishakua, wakahama. Ndipo mama huyo, mvi zikimchungulia kichwani, akasema anarudi chuoni kumalizia ualimu aliouacha alipobeba mimba ya kwanza.

"Uzee na daftari wapi na wapi, mama watoto?" kinyozi akacheka. "Na ada je? Usinitazame mimi!"

"Sikutazami, baba watoto. Cherehani itanisomesha."

Kweli ikamsomesha. Suruali, mapazia, sare za shule, kila kilichopita chini ya sindano kikawa ada. Lakini kinyozi akaanza kuungua. Wivu wake, nawaambia, ungewasha jiko bila kiberiti! Aliuonea wivu hata mkoba wa vitabu, kwa kuwa ulikaa begani kwa mkewe zaidi kuliko mkono wake.

Muhula wa mwisho fedha zikapelea. Chuo kikakubali mama amshonee mkuu wa chuo joho la mahafali, liwe ndiyo ada ya mtihani. Alitaka kumweleza mumewe, ila kila akitaja chuo, bwana huyo hupandisha sauti ya redio. Basi akanyamaza.

Siku moja kinyozi akachungulia dirishani. Lo! Mkewe amemzungushia bwana mmoja mtanashati futi ya kupimia, tena kifuani.

"Vuta pumzi, mwalimu," anasema mama.

Mwalimu akavuta. Kinyozi zake zikamwishia.

"Fundi wee!" mteja akapiga kelele kitini. "Hilo sikio, si nywele!"

Joho likakamilika, jeusi, kola yake ya mahameli laini kama manyoya ya kifaranga. Mama alipotoka kwenda sokoni, kinyozi akalitwaa. "Zawadi ya hawara hii. Ngoja aaibike!" Mkono wa fundi hukimbilia kifaa chake: akawasha mashine ya kunyolea, akainyoa ile mahameli mpaka kola ikawa kipara.

Mama aliporudi akalishika joho, akaketi sakafuni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mpelekee mpenzi wako!"

"Mpenzi? Yule ni mkuu wa chuo. Joho hili ndilo ada yangu, na mtihani ni kesho. Kwa nini hukuniuliza?"

"Mimi... nilimwona..."

"Mdomo unao, baba watoto. Umeamua kuniuliza kwa mashine."

Kinyozi akatimua mbio hadi chuoni, kandambili za mkewe miguuni, akakiri mbele ya makarani. Wakacheka, kisha wakamhurumia, lakini utaratibu ni utaratibu: bila ada, hakuna mtihani. Mama akalazimika kurudia mwaka. Akafungasha cherehani yake, akahamia kwa dada yake.

Siku hizi, kila muhula ukianza, kinyozi hufunga kibanda akapeleka ada kwa mkono wake. Chuoni wanaipokea. Kwa shemeji yake, hata salamu zake bado hazijapokelewa.

FUNDISHO

Mwenzako akirudi kusoma ukubwani, usimhesabie mvi. Kama huna fedha ya kumchangia, mchangie sikio, na jambo lenye shaka liulize kabla hujalitia mkono. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Huyu wetu kajinyoa mwenyewe, tena pakavu.