Moto wa Mahona

Msimu wa kukausha tumbaku ukifika, kijiji kizima kinanuka moshi. Majani mabichi hutundikwa ndani ya bani, kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Moto huwashwa nje, joto likaingia ndani kwa bomba. Moto ule hauzimwi mpaka majani yakauke, na hilo ni jambo la siku nyingi. Mchana na usiku lazima awepo mtu wa kuchochea.

Kwa Mahona, mtu huyo alikuwa yeye peke yake. Aliamini, kama alivyoamini marehemu baba yake, kwamba moto ukibadilishiwa mikono, jani linaharibika rangi. Wanaume wenzake walimsifu. Walisema anayesinzia bani likiwaka, afungwe kanga. Adelina, mkewe, naye alijivunia. Kila jioni alimpelekea uji, kisha akapiga magoti nyumbani na kumwomba Mungu ampe mumewe nguvu ya kutolala.

Masanja, mdogo wake Mahona, alikuja kumpokea.

"Kaka, nenda ukalale. Nitachochea mimi."

"Uniharibie jani? Kachochee jiko la mkeo."

Masanja akaondoka. Hakurudi tena.

Adelina akaanza kuona mambo. Mumewe, mtu wa utani, alikuwa mkali kama siki. Alitafuta panga huku amelishika mkononi. Alimwita binti yao Kabula kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa. Siku moja alimrushia mtoto huyo kikombe, eti uji una moto. Majirani wakanong'ona kwamba karogwa. Adelina alizidisha sala.

Kisha asubuhi moja alisikia yowe. Mahona alikuwa amesinzia huku anasukuma kuni, akaangukia makaa. Mkono wa kulia uliungua vibaya. Hospitali ilibidi wamkate vidole.

Mahona aliporudi nyumbani, Koleta, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kutazama kidonda. Adelina alimweleza habari za uchawi. Koleta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kabula, huyu hakurogwa. Alikosa usingizi."

"Si alijinyima mwenyewe?"

"Alijinyima, na sisi tukampigia makofi."

Koleta akaeleza taratibu. Tukilala, mwili unajitengeneza, na kidonda kinapata nguvu ya kupona. Kichwa nacho kinapanga mambo yake. Asiyelala anasahau, anakasirika ovyo, anaona huzuni isiyo na sababu. Anakuwa kama mlevi, na akili inasinzia macho yakiwa wazi. Akiendelea hivyo miaka, presha nayo inamnyemelea. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi kila siku. Na mtu akilala kitandani usingizi ukamkataa wiki nyingi, aende zahanati, asione haya.

"Na mimi niliomba asilale," Adelina alisema.

Koleta aliendelea kufunga kidonda.

Msimu uliofuata Adelina alikwenda mwenyewe kwa Masanja. Alimwomba ayasamehe maneno ya kaka yake, waje wapange zamu. Masanja alikubali, na Mahona, kwa mkono ule, hakuweza kukataa. Aliyemaliza zamu hakulala kando ya moto. Alikwenda ndani, penye giza na utulivu, chini ya chandarua. Kahawa waliiacha tangu mchana. Mahona alilala, akaamka mtu yule wa zamani. Utani ukarudi. Kabula alichelewa kumzoea. Hata sasa, baba yake akishika kikombe, humtazama kwanza.

Bani lilipofunguliwa, Mahona alikaa chini akayapekua majani kwa mkono wake mzima. Alitafuta lile lililoharibiwa na mkono wa mdogo wake. Alipekua mpaka jua likawa kali. Yote yalikuwa ya manjano, safi, kama ya miaka yote.

"Mbona yako sawa?" aliuliza.

"Yangekuwaje, kaka?" Masanja alisema. "Moto ni moto."

Mahona aliuingiza mkono wa kulia ndani ya shati, akainamisha kichwa. Adelina alimwacha kwanza. Kisha alimwambia akalale, maana bani lingewashwa tena jioni kwa majani mengine.

Mahona aliinuka akaenda, bila ubishi.