Swali Alilolifuta Dakta Tunu

Ndani ya bomba la kioo, Msusi alikuwa kazini. Ndivyo watu wa Tanga walivyoiita ile mashine, maana ilichukua atomu mojamoja ikazisuka kama nywele, mpaka ikapata dawa inayokizuia kirusi cha dengi kisiingie kwenye chembe za mwili. Mbu waliuma, watu wakajikuna, basi. Wodi za homa zikabaki vitanda vitupu. Dakta Tunu Mbaruku, aliyeiunda mashine hiyo, alipongezwa hadi akachoka, na tusidanganyane, kuchoka huko alikupenda.

Kwa hiyo alipoambiwa wifi yake Mwanshamba, mjamzito wa miezi saba, amelazwa kwa dengi, alibisha. “Haiwezekani! Dawa nampelekea mimi mwenyewe.”

Alimkuta wifi yake amelala ubavu, uso umemshuka. Mtoto alikuwa amezaliwa asubuhi ile, hakulia.

“Nisamehe, wifi,” Mwanshamba alisema. “Nimekuharibia dawa yako. Nilikuwa nakula udongo. Muuguzi kasema ndio umeinasa dawa tumboni. Ndugu yako nimemwambia, na tangu hapo hasemi nami.”

Tunu aliushika mkono wa wifi yake. Udongo! Ule wa vipande vya sokoni, ambao wajawazito huumung'unya kwa siri. Jamani, Msusi alisema! Wakati wa majaribio, mbele ya wageni waliokuja na suti zao, mashine ilitamka wazi: “Dakta, tuwaulize wajawazito kama wanakula udongo. Huenda ukanasa dawa.” Tunu akaona haya. Wageni watatuonaje? “Lifute swali hilo,” aliamuru, na mashine ikatii.

Sasa kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Lawama ilikwisha kupata mwenyewe, tena ameikubali.

“Kosa si lako, wifi,” alisema. “Mashine iliniambia tuwaulize. Nikaona aibu.”

“Aibu ya nini?”

“Ya udongo. Hata mimi niliula, mimba yangu ya kwanza.”

Mwanshamba akauondoa mkono wake taratibu. “Kamwambie ndugu yako,” alisema. “Kabla hajaenda kuzika.”

Athumani alikuwa koridoni, amekipakata kifurushi cha kitambaa cheupe. Alipomwona dada yake, macho yakamjaa machozi, akamnyooshea.

“Mshike mwanao, dada. Wewe ulifanya kila uliloweza.”

Tunu hakuinua mikono. “Usinipe, Athumani,” alisema. “Nisikilize kwanza.”