Binti Yangu Alishona Hewa

Uvumi ule uliniganda kama kupe. Watu walisema fundi cherehani wa mtaa wa pili hana kipaji chochote. Eti anatafuna mbegu za mnanaha, nguo zinapita mbele ya macho yake, yeye anachora tu.

Mnanaha naujua. Umeota nyuma ya bafu letu: ua jeupe kama tarumbeta, tunda lenye miiba. Tangu nisikie maneno yale, kila nikienda kuoga nauangalia. Mbegu inawezaje kumwonyesha mtu nguo?

Sikuwa peke yangu. Binti yangu anajifunza ushonaji, na udadisi ameurithi kwangu.

Jumamosi mchana nilimkuta ameketi sakafuni. Miguu inakanyaga pedali, mikono inasukuma kitambaa. Cherehani haipo. Kitambaa hakipo.

"Unashona nini, mwanangu?"

"Mama, hebu msogeze huyo bibi. Ananikanyagia pindo."

Chumbani tulikuwa wawili tu.

Shavu lake lilikuwa moto na kavu. Mboni za macho zimetanuka. Wifi yangu akaja. "Huyu karogwa. Au sumu. Mpe maziwa yaikate."

Nikashika kikombe. Jirani yetu, nesi wa zahanati, akanizuia.

"Weka chini, mama. Mtu akiwa hivi hamezi vizuri, yataingia mapafuni. Kala nini?"

Kiganjani mwa binti yangu zilibaki mbegu mbili.

"Mnanaha. Kata na tawi, tabibu alione. Twende."

Njiani wifi hakuvumilia. "Kumbe kweli zinaonyesha?"

"Hazionyeshi kitu, dada. Zinavuruga ubongo, nao unajitungia mambo. Mwenyewe anaona ni kweli, anaweza kuingia barabarani akijua yuko sebuleni. Mdomo unakauka, moyo unakimbia, mkojo unaziba, joto linapanda. Wapo wanaokufa."

"Na akila kidogo?"

"Kidogo ni kiasi gani? Nguvu ya tunda hili si ya tunda lile."

Zahanati walimlaza. Akili ilipomrudia nikamuuliza aliona mishono gani.

"Sikumbuki hata mmoja, mama."

Akaomba sindano. Akajaribu kutunga uzi, tundu halioni. Akalia. Fundi asiyeona tundu la sindano atakula wapi?

"Yape macho siku chache," nesi akasema.

Yakarudi. Siku alipotunga uzi tena, tuling'oa mnanaha wote, mikono tumeifunga mifuko. Kisha tukaenda kumuuliza yule fundi wa mtaa wa pili. Alicheka hadi akashika meza.

"Mbegu? Mimi nakaa hapa mlangoni natazama nguo za wapita njia."

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usionje mbegu, jani, uyoga wala kidonge eti kinaonyesha mambo.
Usimnyweshe kitu aliyekula, wala usimtapishe.
Usimwache peke yake. Usimfungie, usibishane naye.
Usichelewe zahanati kwa kuona haya.
Na uvumi usiubebe kabla hujamuuliza mwenyewe.