Kompyuta Iliyomrudisha Efrazia Kwao

Ndugu zangu wa Soni, na ninyi wa Lushoto mjini, na wale mnaoshuka kutoka Bumbuli siku ya gulio, leo nyamazeni kidogo mnisikilize. Jambo hili mmelizungumza sana, na mmelizungumza kombo. Wengine mmesema ni uchawi. Wengine mmesema ni ulimi wa mke wa Alen. Mimi Jafari, mwenye steshenari pale juu ya stendi, nawaambia si hili wala lile. Kompyuta iliyoleta balaa ni yangu, na nimeona nisimulie mwenyewe kabla hamjaongeza chumvi.

Nyumba ya Mzee Kornelio mnaijua. Ile ya bati jekundu, mbele ina mipichesi, nyuma matuta ya karoti na kabichi yanateremka mpaka kwenye mfereji. Jumapili baada ya ibada ungemkuta kibarazani na mkewe Mama Beatha, mwanao Alen, na mkwe wao Efrazia, wanakula viazi kwa chai na kutaniana. Efrazia alitoka mbali, Bulwa, kwa wachuma chai. Alikuwa na miaka minne pale, na Mama Beatha alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu si mkwe, huyu ni binti yangu niliyechelewa kumpata."

Nyumba ile ilikuwa na simu janja moja, ya mzee. Ilikaa juu ya kabati, haina neno la siri, na kila mtu wa nyumbani aliitumia. Ukimwambia mzee aifunge, anacheka. "Kufuli la nini? Anayefunga mlango saa ya kula ana nyama anayoificha." Humo ndimo lilimokuwa kundi la WhatsApp la ukoo: yeye, wanawe, na mdogo wake Stephano aliyeko Mombo. Mambo yote ya nyumba yalipitia humo.

Basi, amani ile haikudumu. Mwezi wa pili Mzee Kornelio alipatana na gari la Dar lije Alhamisi kuchukua karoti zake. Alhamisi alfajiri anafika barabarani na magunia, anakuta dalali Ismaili ameshalipakia gari karoti za watu wake. Mara ya kwanza akasema bahati mbaya. Mara ya pili akarudisha magunia yake. Mara ya tatu akarudi nyumbani akauliza, "Nani anayetoa maneno humu ndani?"

Kisha likaja kubwa zaidi. Mama Beatha alikuwa ameona uvimbe kwenye titi. Alimwambia Efrazia kwanza, na Efrazia ndiye aliyempeleka hospitali, wakapewa rufaa ya kwenda Moshi kwa vipimo. Wakamwandikia Stephano kwenye kundi, kwa kuwa wangelala kwake Mombo. Nje ya kundi hawakumwambia mtu. Wiki moja baadaye Mama Beatha yuko sokoni anachagua vitunguu, muuzaji anamshika mkono, "Pole mama, nimesikia ni titi. Tunakuombea." Mama wa watu aliacha kikapu chake palepale akapanda mlima kwa miguu, analia.

Siku ile nyumba ilichafuka. Wakakaa kikao, Mzee Kornelio, Alen, na wazee wawili wa ukoo. Wakajiuliza: nani anashuka sokoni kila siku? Efrazia. Nani alijua habari ya titi tangu mwanzo? Efrazia. Nani si wa huku? Mzee akamwita, akamuuliza mbele ya wote, "Wewe ndiye unayetoa siri za nyumba hii?"

Sasa ninyi mnazijua mila zetu, na kwao Bulwa ni hivyohivyo. Mke wa mwana hajibizani na baba mkwe, tena mbele ya wazee. Efrazia akapiga goti, akainamisha kichwa, akanyamaza. Heshima ile wakaiita hatia. Na Alen, mumewe, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alen, kama unanisikia, na wewe una lako la kujibu.

Niwaeleze ilivyokuwa, na msijifanye wageni, maana nyote mnafanya hivi. Mwezi wa kwanza Alen alikuja dukani na simu ya baba yake, anataka kuchapa mkataba wa kukodi shamba. Kurasa zilikuwa nyingi, zote kwenye WhatsApp. Nikamwambia, "Kunitumia moja moja tutakesha. Elekeza simu kwenye hii picha ya vimraba, WhatsApp yako ifunguke humu kwenye kompyuta, nizitoe kwa mkupuo." Akaelekeza. Nikachapa. Akashukuru, akaondoka na karatasi zake, na WhatsApp ya baba yake ikabaki kwangu.

Mtu makini angeitoa palepale. Mimi nilijiona mjanja. Nilikuwa nimepachika kiongezo kwenye brauza, kile kiprogramu kidogo cha bure kinachokaa juu pembeni. Kazi yake ni kuziweka wazi WhatsApp za wateja hata kumi kwa pamoja, na kuonyesha kila ujumbe unaoingia kwenye ukanda wa kulia, ili mteja akirudi nisimsumbue kuunganisha tena. Siku nakipachika kiliomba ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye kila ukurasa nitakaoufungua. Jamani! Kila kitu, kila ukurasa, na kimeandika wazi. Nikabofya Kubali kabla sijafika mwisho wa sentensi. Angekuja mtu mlangoni akasema, nitakufagilia duka bure ila uniache nisome karatasi za wateja wako, ningemtimua na ufagio wake. Huyu wa kwenye brauza nilimpokea kwa furaha na nikamsifia kwa wenzangu.

Mchana nikienda kuswali na kula, nilimwachia kiti Ismaili, yule dalali, maana alikuwa akishinda dukani kwangu. Nilidhani anatazama matokeo ya mpira. Kumbe anasoma gari la mzee litafika lini. Hayo ya Ismaili nimeyajua baadaye, nilipolinganisha Alhamisi zile na siku alizoshika kiti changu. Ya kwangu nilikuwa nayajua siku zote, nanyi mtayasikia.

Alhamisi moja baada ya kikao kile, Efrazia alikuja dukani. "Shikamoo, kaka Jafari."

"Marahaba, shemeji. Za mlimani?"

"Za hivyohivyo. Naomba kopi ya kadi ya kliniki ya mama. Jumanne tunakwenda Moshi."

Wanamsema, na yeye bado anahangaika na kadi ya mama mkwe wake. Mashine ilikuwa inapata moto. Alisimama anaiangalia kompyuta, kama mtu anavyoangalia popote akisubiri. Ukandani ukaingia ujumbe wa Stephano wa Mombo: Kama mmeamua Efrazia arudi kwao, Jumamosi ni sawa. Nitatafuta gari la kumfikisha Muheza.

Alisoma. Nilimwona anasoma, midomo inatembea.

"Kaka Jafari, hilo si kundi la kwetu?"

Nikanyoosha mkono nikaufunga ule ukanda. "Ni hitilafu tu, shemeji. Mambo ya mtandao."

"Picha ile ni ya baba mkwe. Ujumbe wetu umefikaje huku?" Akanigeukia. "Basi ndiyo njia yenyewe. Hapa ndipo maneno yanapotokea. Kaka, twende wote nyumbani ukawaambie. Mimi siwezi kubishana na baba, sikulelewa hivyo. Wewe ukisema watasikia. Nakuomba."

"Nina wateja," nikasema. Dukani hapakuwa na mtu hata mmoja.

Niliogopa, ndugu zangu. Niliona duka langu linafungwa, naona watu wananinyooshea kidole. Nikampa kopi yake, nikakataa hata kupokea pesa, eti nimemfanyia wema. Jumamosi akapita stendi na begi lake. Alen amelibeba. Efrazia hakugeuka kuniangalia.

Tangu hapo sikupata utulivu. Chakula hakipandi. Mteja akikohoa nashtuka. Simu ikiita nahisi ni mzee. Jumanne ilipofika nikasikia Mama Beatha amekataa kwenda Moshi. Alisema, "Nitakwenda na nani? Nikipita sokoni wananitazama kifuani." Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Mimi nafungua duka nalifunga, nalifungua tena.

Mke wangu Sharifa akachoka. "Jafari, una nini? Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Nikamwambia yote. Akakaa chini polepole.

"Habari ya titi la Mama Beatha uliniletea wewe," akasema. "Ulisema umeiona kwenye kompyuta. Nami nikamwambia yule wa vitunguu, tukiwa tunamsikitikia. Kumbe Efrazia wa watu hana kosa! Ismaili ameuza karoti, sawa, lakini mama yule tumemwaibisha mimi na wewe. Nenda kaseme, Jafari. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi."

Nikaikunja kompyuta yangu ya mpakato, nikaifunga kwenye kitenge cha Sharifa nikapanda. Nilimkuta Mzee Kornelio kibarazani anachambua mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona na mzigo?"

Nikamwomba simu. Nikaifungua WhatsApp, nikaenda mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa, nikampa. Akavaa miwani akasoma mwenyewe. Jina la kompyuta yangu lilikuwa humo, na saa iliyotumika mwisho ilikuwa asubuhi ileile. Kisha nikaifungua kompyuta, nikaipa mtandao wa simu yangu, na kundi lake likatokea mbele yake, na salamu alizomtumia Stephano alfajiri. Nikamweleza habari ya Ismaili. Mzee alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ni Ismaili," akasema.

Ndugu zangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningeitikia tu, ndiyo mzee, ni Ismaili, nikarudi zangu dukani na jina langu zima. Lakini Mama Beatha alikuwa ametoka ndani, amejitanda kanga, amekonda. Akaniuliza, "Na habari ya titi langu, Jafari? Nayo aliitoa Ismaili?"

"Hapana, mama," nikasema. "Hiyo niliisoma mimi. Nikampelekea mke wangu, nayo ikaenda sokoni. Na Efrazia aliiona hii kompyuta kabla hajaondoka, akaniomba nije niseme. Nikakataa."

Aliegemea mlango. "Wiki tatu nimemchukia binti yangu Efrazia," akasema. "Wiki tatu nzima, kwa maneno yaliyotoka kwako." Nililia, sioni aibu kulisema.

Mzee Kornelio hakunipiga wala hakunitukana, ingawa ningependa afanye hivyo. Alisema, "Kesho tunakwenda Bulwa. Na wewe unakuja."

Tulifika jioni, mama yake Efrazia anarudi kuchuma chai, kikapu bado kiko mgongoni. Mzee Kornelio, mzee wa kanisa mwenye mvi zake, alisimama mbele ya wazazi wa binti akaomba radhi kwa jina lake na la nyumba yake. Nami nikasema langu. Alen akasema lake, kwa sauti ya chini.

Efrazia, ambaye hakuwahi kumjibu baba mkwe wake, siku ile alimjibu. Hakupaza sauti.

"Baba, nimewasamehe. Mama mkwe nitampeleka Moshi, hata kesho. Lakini nyumbani kwako sirudi kulala. Mliniuliza mara moja tu, na nilipoinamisha kichwa kwa heshima, mkasema nimekiri."

Kesho yake aliondoka na sisi mpaka Mombo, akamngoja mama mkwe wake pale, akampeleka. Kule Moshi daktari aliuliza kwa nini walipitisha tarehe, maana uvimbe ulikuwa umekua. Mama Beatha sasa yuko kwenye dawa. Hatujui itakuwaje. Efrazia na Alen wamepanga chumba hapa Soni, na kila safari ya hospitali ni Efrazia anayekwenda naye. Mzee anakula viazi vyake na mkewe tu, na siku mkewe akiwa Moshi anakula peke yake.

FUNZO

Mtaniambia Ismaili ndiye mbaya. Ismaili ni mwizi wa kawaida, mnamjua. Ubaya mkubwa ulifanywa na watu wazuri: mzee asiyependa kufuli, kijana aliyesahau kuitoa WhatsApp, mwenye duka aliyependa cha bure, na mke na mume waliopiga soga kwa huruma. Siri ya mtu ikifika kwako kwa bahati mbaya, bado ni yake. Usimpelekee mwenzako, hata mezani, hata kwa nia njema.

Neno la siri kwenye simu si uchoyo. Wekeni, na watoto wawafundishe wazee kuliweka. Kiongezo cha brauza kikiomba kusoma kila kitu, kiulize kwa nini, na kama huna jibu usikipachike. Mimi nimeking'oa, na mteja akimaliza kuchapa tunatoa WhatsApp yake pamoja, yeye akiangalia. Anayeona ninamchelewesha aende kwingine. Wako waliokwenda.

Na hili nawaomba mlifanye leo, si kesho. Toeni simu zenu, tazameni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Kisha nenda ukamwombe radhi yule uliyekuwa unamshuku.