Mizinga Iliyonuka Oili Chafu

Claudine hakuwa na baiskeli, hakuwa na viatu vya mvua, hakuwa na kaka wala dada wa kugawana naye kazi, na zaidi ya yote hakuwa na uvumilivu. Kila alasiri akitoka shuleni pale Murungu, alivua sare, akala muhogo uliopoa, kisha akaingia karakanani kumsaidia baba yake, Mzee Nsabimana, fundi wa mizinga ya nyuki. Kazi yake ilikuwa kupiga randa vibao vyembamba vya juu, vile ambavyo nyuki huning'inizia masega. Kibao kikizidi upana kidogo tu, nyuki hujenga ovyo.

Mwaka ule kulikuwa na mteja mmoja tu mkubwa: Bi Zuhra, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake warina asali wa Nyakitonto. Angewakataa, karakana ingefungwa.

"Baba," Claudine alisema, viganja vikimwaka moto, "mapaa ya bati ya mizinga tunampa fundi bati. Kwa nini vibao tusiwape watu wa Kasulu? Kuna karakana ina mashine."

"Neno lako lina akili, mwana wanje, mwanangu mwenyewe. Jumamosi fuatana na mama yako sokoni Kasulu. Ingia humo karakanani, uone kwa macho wanavyofanya. Ukiridhika, agiza."

Claudine aliishia mlangoni. Aliagiza, akakimbilia chipsi. Nyumbani akasema, "Nimeona, Baba. Safi kabisa."

Vibao vilifika baba akiwa Buhigwe kutafuta mbao. Lo, uvundo! Vilikuwa vyeusi, vinateleza, vimechovywa oili chafu ya magari ili visiliwe na mchwa. Claudine alishika kimoja, utelezi ukamwingia kuchani, mate machungu yakamjaa kinywani. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, lakini jioni hata ugali ulimnukia gereji.

Angesema kweli, uongo wake ungefichuka. Basi akavifuta vibao, akavipaka nta nene, akavipanga mizingani na kufunika. Ilikuwa kama kuupaka mzoga manukato. Baba aliporudi, alimwamini, wala hakufunua hata mzinga mmoja.

Bi Zuhra alipokuja kupokea mizinga, alifunua wa kwanza, akainama, akaruka nyuma akiziba pua kwa ushungi.

"Astaghfirullahi! Mzee Nsabimana, niliagiza mizinga au matangi ya dizeli?" Alikwangua nta kwa ukucha, ukucha ukatoka mweusi. "Nyuki gani atakaa humu? Hata mende atahama! Na asali ikijaa humu, nani atailamba? Wewe?"

Mzee Nsabimana alinusa, uso ukamkunjamana. Akageuka polepole.

"Claudine, kule Kasulu uliingia ndani?"

Claudine aliangua kilio.

"Sikuingia, Baba. Niliishia mlangoni. Na nta nimepaka mimi."

"Yoo!" Bi Zuhra akatema mate pembeni. "Kumbe kinachonuka si vibao peke yake." Akamgeukia mtoto. "Ila umesema mwenyewe. Nawapeni muda mpaka miti ya miombo ichanue. Mkimaliza msinipigie simu. Huyu huyu aniandikie barua, aseme kila kitu kimetengenezwa na nani."

Alipoondoka, baba aliketi juu ya gogo.

"Sikiliza. Kumpa mtu wa nje kazi si kosa. Fundi bati tunamjua, tena bati haligusi asali. Lakini kinachogusa asali hatukitoi nje bila kuona kinavyotengenezwa. Na ukisema umeona, uwe umeona. Mimi nilikuamini wewe, Bi Zuhra akaniamini mimi. Ulipodanganya ulituchafua wote wawili. Haya, shika randa."

Vibao vya Kasulu vilitupwa, pamoja na kila ubao ulioingiwa na oili. Claudine alipiga randa hadi viganja vikaota sugu, na hakulalamika. Miombo ilipoanza kutoa machipukizi mekundu, kazi ikaisha, naye akaandika:

"Shikamoo Bi Zuhra. Mara ya kwanza nilidanganya, nisamehe. Vibao tumevitengeneza mimi na Baba. Mapaa ni ya fundi bati. Ukija, funua kila mzinga kabla ya kupakia."

Baba alisoma, akairudisha bila kubadili neno. Claudine aliilamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa kondakta wa basi la Kasulu amfikishie Bi Zuhra. Basi likaondoka.